Meli ya kubeba ndege: kubwa, ya wastani au ndogo? Ulinganisho wa udhaifu na ulinzi wake

Ubishi kuhusu meli za kubeba ndege za kivita huwa na kambi mbili. Ya kwanza inasema meli hizi ni majeneza ya chuma yanayongoja kombora la kwanza. Ya pili inajibu kwamba ni ngome zinazotembea, na kwamba tangu 1945 hakuna hata moja iliyozamishwa vitani. Kila kambi ina ushahidi wake, na kila moja inaruka swali lenye faida zaidi: meli ipi, inalindwa na nini, na inapigana na nani?

Meli hizi hazifanani. Ya Marekani ina tani 100,000 na vinu vya nyuklia. Ya Uingereza ina tani 65,000 na inachoma mafuta. Ya Japani ina takriban tani 27,000 na kwa miaka ilihesabiwa kuwa manowari ya helikopta tu. Kuna pia mshindani wa nne anayesahaulika, yaani uwanja wa ndege wa nchi kavu, ambao hauzami lakini pia hausogei. Kama unaandaa hoja ya mdahalo, unaandika hadithi ya vita, unacheza michezo ya mikakati au unataka tu kuelewa kwa nini nchi moja ilinunua hiki na jirani yake akanunua kile, hapa nimezipanga zote kwa vipimo vilevile.

Vipimo vitano

*Kuonekana.* Kabla kombora halijarushwa, adui ana kazi ndefu. Lazima aigundue meli, aitenganishe na meli za mizigo zilizo karibu, aendelee kuifuata, apeleke taarifa kwa mwenye kombora, na kombora lifike kabla taarifa haijachacha. Chukua meli inayokwenda kilomita 55 kwa saa. Taarifa ikichelewa nusu saa, meli hiyo inaweza kuwa popote ndani ya duara lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Ukikata kiungo kimoja tu cha mnyororo huo, kombora la bei yoyote linaangukia maji matupu.

*Jicho.* Hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito kuliko vingine. Dunia ni mviringo, kwa hiyo rada iliyofungwa mita 30 juu ya maji italiona kombora linaloruka mita 5 juu ya mawimbi likiwa limebakiza kilomita 32 hivi. Kombora la kasi iliyo chini kidogo ya sauti linamaliza umbali huo kwa sekunde zipatazo 105. La kasi mara mbili na nusu ya sauti halifikishi sekunde 40. Ndani ya muda huo inabidi kutambua kinachokuja, kurusha kombora la kujihami, kuangalia kama limelenga, na kurusha jingine kama limekosa. Sasa ipandishe rada kwa ndege hadi mita 9,000: upeo wake unafika karibu kilomita 390, na sekunde zinageuka kuwa dakika nyingi.

*Ngao.* Hapa naweka manowari za kusindikiza, nyambizi rafiki, helikopta za kuwinda nyambizi, mizinga ya kujihami na vifaa vya kuhadaa makombora.

*Kustahimili pigo.* Kuzama ni jambo moja, kunyamazishwa ni jingine. Meli inayoelea ikiwa na sitaha iliyotoboka na mitambo isiyorusha ndege imekwisha kutolewa vitani, hata kama picha zake bado zinapendeza.

*Hasara.* Ikipotea, kinachobaki ni nini?

Hatari zenyewe, kwa ufupi

Vichwa vya habari hupenda makombora ya balistiki ya China, yanayopaa juu sana kisha kushuka kwa kasi kubwa: DF-21D yenye masafa ya takriban kilomita 1,500 na DF-26 inayofika kama kilomita 4,000. Ni silaha za kweli, na zimewalazimisha wapangaji wa Marekani kufikiria upya umbali wa kukaa kutoka pwani. Lakini hata kombora la kasi hiyo hutumia dakika kadhaa angani, na shabaha yake haijatia nanga. Lisipopata taarifa mpya likiwa njiani, au lisipoweza kujitafutia meli lenyewe mwishoni, kasi yake haisaidii kitu.

Mimi naiogopa zaidi nyambizi. Oktoba 2006, nyambizi ya China ya aina ya Song iliibuka karibu na USS Kitty Hawk, meli ya Marekani ya kubeba ndege, kwenye maji ya Okinawa, Japani, bila kugunduliwa hadi ilipoamua kujionyesha. Kati ya 2005 na 2007 Wamarekani waliikodi Gotland, nyambizi ya Sweden isiyo ya nyuklia yenye injini inayoweza kufanya kazi bila kuvuta hewa kutoka juu, ili wajifunze kuisaka. Ukweli kwamba waliikodi na kuongeza muda wake unaeleza jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu. Topedo ya kisasa hulipuka chini ya mkuku, maji yanainua meli katikati na kuiacha ianguke, na uti wa mgongo wake unavunjika. Sitaha haisaidii chochote hapo.

Baada ya hizo kuna makombora yanayoruka chini juu ya maji, droni za angani na za majini, na moto. Moto nitaurudia, kwa sababu historia yake ni ndefu kuliko ya makombora.

1. Meli kubwa ya nyuklia

Mifano ni Nimitz na Ford za Marekani. Meli ya Nimitz ina urefu wa mita 333, na pamoja na marubani na mafundi wa ndege hubeba watu wapatao 5,000. USS Gerald R. Ford, iliyoingia kazini 2017, iligharimu takriban dola bilioni 13, bila kuhesabu ndege.

*Kuonekana.* Ukubwa wake haudhuru kama watu wanavyodhani. Kwa rada ya setilaiti, meli ya mita 333 na ya mita 250 zote ni nukta nene. Kinachoiokoa ni mwendo. Kinu cha nyuklia kinairuhusu kwenda kasi kubwa siku baada ya siku bila kuuliza mafuta, na kikosi kizima kinaweza kuzima rada na redio kikawa bubu. Lakini hilo lina mpaka. Ndege zake zinakunywa mafuta, mabaharia wanakula, na mabomu yanaisha, kwa hiyo kila baada ya siku chache lazima meli ya ugavi ije. Meli hiyo ni ya taratibu, haina ulinzi wa maana, na adui mwerevu ataitafuta hiyo kwanza.

*Jicho.* Hapa meli kubwa inawaacha wenzake mbali. Mitambo yake ya kurushia ndege, ya mvuke kwenye Nimitz na ya sumakuumeme kwenye Ford, inaweza kuipandisha E-2 Hawkeye, ndege yenye sahani kubwa ya rada mgongoni. Hawkeye inaona, inahesabu, na inawaelekeza wengine wafyatue.

*Ngao.* Ulinzi hupangwa kwa matabaka. Nje kabisa, mamia ya kilomita mbele, zinazunguka ndege za kivita F/A-18 na F-35C pamoja na EA-18G, ambazo kazi yake ni kuvuruga rada za adui. Lengo ni kumpiga mrushaji kabla hajarusha. Ndani yake zipo manowari zenye Aegis, mfumo wa rada na kompyuta wa kuongoza ulinzi, na makombora ya kujihami ya SM-2 na SM-6. Zaidi ya hapo meli yenyewe ina makombora mafupi ya kujihami, na mwisho kabisa bunduki ya Phalanx ya milimita 20, inayomwaga maelfu ya risasi kwa dakika. Kwa upande wa maji kuna helikopta za MH-60R zinazotumbukiza sona (kifaa cha kutafuta nyambizi kwa sauti) na kudondosha maboya ya kunasa sauti, kifaa cha Nixie kinachovutwa nyuma ya meli ili topedo ikifuate badala ya rafadha, na kwa kawaida nyambizi ya nyuklia inayotangulia kimya.

Matabaka haya yamejaribiwa Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi, wapiganaji wa Yemeni, walipoanza kurusha droni, makombora ya kawaida na, kwa mara ya kwanza katika historia ya vita, makombora ya balistiki dhidi ya meli. Hakuna meli ya kubeba ndege iliyopigwa. Ila Januari 2024 manowari USS Gravely ililiangusha kombora moja kwa Phalanx likiwa limebakiza kama maili moja. Hiyo maana yake ni kwamba tabaka zote za nje zilipitwa, na chombo kikaokolewa na bunduki ya mwisho, kwa sekunde chache.

Ngao hiyo pia inakata upande wa mwenyewe. Desemba 2024, manowari USS Gettysburg iliitungua F/A-18 ya USS Harry S. Truman, meli ya kubeba ndege ambayo Gettysburg yenyewe ilikuwa ikiilinda. Aprili 2025 ndege nyingine ya Truman iliteleza ikaingia baharini pamoja na trekta iliyokuwa ikiivuta, meli ilipokata kona. Siku chache baadaye ya tatu ikapotea wakati wa kutua. Adui hakuhitaji kuigusa meli ili kikosi kichoke.

Halafu kuna hesabu ya risasi. Manowari ya aina ya Arleigh Burke ina vyumba 90 hadi 96 vya makombora, na sehemu yake hubeba silaha za kushambulia nchi kavu. Vikishaisha, inabidi irudi bandarini kupakia upya. Adui anayerusha droni za bei nafuu kwa siku kumi anaweza asiharibu chochote na bado akashinda hesabu hiyo.

*Kustahimili pigo.* Tarehe 29 Julai 1967, kwenye Ghuba ya Tonkin, roketi moja ilifyatuka yenyewe kutoka kwenye ndege iliyoegeshwa juu ya sitaha ya USS Forrestal, kwa hitilafu ya umeme. Ilivuka sitaha ikapasua tangi la mafuta la ndege nyingine. Mafuta yaliyowaka yakatapakaa chini ya ndege zilizosheheni mabomu, na baadhi ya mabomu hayo yalikuwa ya zamani, yasiyovumilia joto. La kwanza lililipuka baada ya kama dakika moja na nusu, likaua wazima moto waliofunzwa waliokuwa wamekwisha kufika. Waliobaki walikuwa mabaharia wa kazi nyingine. Wakashika mipira ya maji ya bahari na kumwagia povu lililokuwa limewekwa na wenzao, povu likasombwa na moto ukashuka ndani kupitia mashimo ya sitaha. Watu 134 walikufa. Meli haikuzama. Ilitengenezwa na kutumika hadi 1993, na tangu siku hiyo kila baharia wa Marekani anafundishwa kuzima moto, hata mpishi.

Mwaka 2005 Wamarekani waliichukua USS America iliyostaafu wakailipua kwa majaribio kwa majuma kama manne, kisha wakaizamisha kutoka ndani. Meli ya ukubwa huu ina mamia ya vyumba visivyopitisha maji. Kuizamisha ni kazi ngumu. Kuizuia isirushe ndege kwa wiki mbili ni kazi nyepesi zaidi, na vitani wiki mbili zinatosha.

*Hasara.* Marekani ina 11, na kwa wakati wowote sehemu kubwa iko matengenezoni au mafunzoni. Kuipoteza moja ni kupoteza maelfu ya watu kwa mpigo, na hakuna kiwanda kinachoweza kuirudisha kabla ya miaka mingi. Ndiyo maana rais yeyote huisogeza kwa uangalifu, na uangalifu huo wenyewe ni ushindi kidogo kwa adui.

*Inamfaa nani.* Taifa linalotaka kupigana mbali na kwao, kwa majuma, bila kuomba ruhusa ya mtu kutumia uwanja wake, na lenye manowari za kutosha kuizunguka. Asiye na manowari hizo asiinunue.

2. Meli ya wastani

Kundi hili lina watu wa tabia mbili, na kuwachanganya ndiko kunakoharibu mijadala mingi. Upande mmoja ipo Charles de Gaulle ya Ufaransa, tani 42,500, ya nyuklia, yenye mitambo ya kurushia ndege. Upande wa pili zipo Queen Elizabeth na Prince of Wales za Uingereza, Vikrant ya India na Shandong ya China, ambazo sitaha yake imepinda kwenda juu upande wa omo ili ndege iruke kwa nguvu zake yenyewe. Fujian ya China, yenye zaidi ya tani 80,000 na mitambo ya sumakuumeme lakini isiyo na nyuklia, inasimama mlangoni kati ya kundi hili na lile la kwanza.

*Kuonekana.* Karibu sawa na kubwa. Zinazochoma mafuta zinafungwa zaidi na meli ya ugavi, kwa kuwa ikikosekana, meli yenyewe inasimama pamoja na ndege zake.

*Jicho.* Hapa ndipo tabia mbili zinapoachana. Charles de Gaulle inarusha Hawkeye kama Wamarekani. Waingereza hawawezi, kwa hiyo wanatumia helikopta ya Merlin yenye rada ya Crowsnest. Helikopta ikiwa mita 3,000 juu, upeo wake ni kama kilomita 225. Hiyo ni nyingi ukilinganisha na mlingoti, lakini ni zaidi kidogo tu ya nusu ya kile Hawkeye inachokipata, na helikopta haikai angani muda mrefu hivyo.

Uingereza inajua bei ya kukosa jicho kuliko taifa lolote. Tarehe 8 Juni 1940, meli yake ya kubeba ndege, HMS Glorious, ilikuwa ikirudi kutoka Norwei bila ndege hata moja angani. Manowari za Ujerumani, Scharnhorst na Gneisenau, ziliisogelea hadi zikaipiga kwa mizinga, kifo cha ajabu kwa meli ya ndege. Miaka 42 baadaye, kwenye vita vya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falklands, meli za Uingereza za kubeba ndege, Hermes na Invincible, hazikuwa na ndege yoyote ya rada. Manowari zikatangulizwa mbele ziwe macho, na 4 Mei 1982 mojawapo, HMS Sheffield, ikapigwa na kombora la Exocet lililorushwa na ndege iliyokuja chini sana juu ya maji. Tarehe 25 Mei makombora mengine yakaipata Atlantic Conveyor, meli ya mizigo iliyogeuzwa kubeba helikopta, na Chinook tatu zikaungua nayo. Meli zenyewe za kubeba ndege hazikuguswa, lakini waliozilinda walilipa.

Argentina nao walikuwa na meli yao, 25 de Mayo. Tarehe 2 Mei ilipanga kurusha ndege kuwashambulia Waingereza, lakini upepo ulikuwa hafifu mno kwa ndege zilizosheheni mabomu kuruka. Siku hiyohiyo nyambizi ya Uingereza, HMS Conqueror, iliizamisha General Belgrano, manowari ya Argentina, na 25 de Mayo ikarudi karibu na pwani, isionekane tena vitani. Nyambizi moja ilimaliza meli ya ndege bila kuigusa.

*Ngao.* Inategemea una manowari ngapi. Ukisharundika manowari bora zote kuizunguka meli moja, pwani yako inabaki na nini? Ufaransa na Uingereza mara nyingi hujaza pengo kwa manowari za washirika. Kwenye amani huo ni ushirika mzuri, ila kwenye vita ambavyo mshirika hataki kuingia ni tatizo.

*Kustahimili pigo.* Kwa tani zake, vizuri. Ila ina ndege chache, kwa hiyo kuungua kwa ndege sita kwenye hanga ni pigo la kikosi kizima.

*Hasara.* Ufaransa ina moja. Ikiwa chelezoni, kama ilivyokuwa 2017 na 2018, taifa halina kabisa. Uingereza ilichagua mbili za bei rahisi kiasi badala ya moja ya kifahari, na Agosti 2022 uamuzi huo ulilipa bila hata risasi. Prince of Wales iliharibika mhimili wa rafadha karibu na Isle of Wight mara tu ilipoanza safari ya kwenda Marekani, na Queen Elizabeth ikatumwa badala yake.

*Inamfaa nani.* Taifa lenye maslahi ya mbali, lenye washirika, linalokubali kwamba dhidi ya adui mkubwa halitaenda peke yake. Kama ni lazima kuchagua ndani ya kundi hili, ningetazama kwanza kama ina jicho la maana, kisha kama ipo ya pili. Tani ningezitazama mwisho.

3. Meli ndogo

Hapa zipo Izumo na Kaga za Japani, zinazofanyiwa marekebisho ili ndege ya kivita ya F-35B iweze kutua wima. Cavour na Trieste za Italia. Juan Carlos I ya Uhispania. Na Anadolu ya Uturuki, iliyoingia kazini 2023 na kuelekezwa kwenye droni. Meli za aina ya America za jeshi la majini la Marekani zina tani 45,000, lakini naziweka humu kwa sababu zilijengwa kwanza kubeba askari wa kushuka pwani.

*Kuonekana.* Faida yake ya kweli ni idadi. Nne zilizotawanyika zinamlazimisha adui atafute nukta nne, na kila moja inafanana zaidi na meli ya kawaida.

*Jicho.* Ndipo inapoumia. Haiwezi kurusha ndege ya rada. Itategemea rada ya F-35B yenyewe, ambayo ni nzuri sana lakini haiwezi kuzunguka saa 24, au helikopta, au ndege kubwa kutoka nchi kavu. Kwa Japani au Italia, zinazokaa karibu na viwanja vyao, pengo hilo linafunikwa. Katikati ya bahari kuu linabaki wazi.

*Ngao.* Kila meli inahitaji wasindikizaji wake. Meli nne ndogo zinaweza kudai manowari nyingi kuliko moja kubwa, jambo ambalo watetezi wa wazo la "ndogo nyingi" hulipita haraka mno.

*Kustahimili pigo.* Historia ina majibu mawili yanayopingana. Novemba 1943, topedo moja ilifika kwenye ghala la mabomu la meli ndogo ya Marekani ya kubeba ndege, USS Liscome Bay. Meli ikazama ndani ya dakika 23, na watu 644 wakafa. Mwaka uliofuata, karibu na kisiwa cha Samar huko Ufilipino, meli ndogo za aina hiyohiyo zilipigwa na mizinga mikubwa ya Wajapani. Mabati yake yalikuwa membamba kiasi kwamba baadhi ya mabomu yaliyotengenezwa kutoboa chuma kizito yalipita upande hadi upande bila kulipuka. Gambier Bay ilizama kwa mizinga hiyo, wenzake wengi wakatoka.

Kuhusu moto, kuna mfano wa karibu. Julai 2020, USS Bonhomme Richard, ya tani kama 40,000, ilishika moto ikiwa gatini San Diego, kwenye matengenezo, mitambo mingi ya kuzimia moto ikiwa haifanyi kazi. Iliungua zaidi ya siku nne, ikauzwa kama chuma chakavu. Hakukuwa na adui.

*Hasara.* Inauma, haiui. Ukipoteza moja kati ya nne bado una kikosi.

*Inamfaa nani.* Taifa linalolinda maji yaliyo karibu nalo, linalosindikiza misafara na kuwinda nyambizi, au lenye kazi nyingi za amani kama uokoaji. Angalia tu kwamba mara nyingi kikosi chake kinategemea F-35B, ndege ya muuzaji mmoja, au droni ambazo bado zinathibitishwa.

4. Uwanja wa nchi kavu

Huu nitaupitia haraka. Hauzami, unabeba ndege za rada za ukubwa wowote, na shimo kwenye njia ya kurukia hufukiwa kwa saa chache. Lakini anwani yake haibadiliki. Januari 2020 makombora ya Iran yalifika kwenye kambi ya al-Asad nchini Iraki kwa usahihi wa kutisha, na 1 Juni 2025 droni za Ukraine zilizofichwa kwenye malori zilichoma ndege kubwa za Urusi maelfu ya kilomita kutoka mpakani. Mnyororo mrefu wa kutafuta na kufuata unaoilinda meli, hapa haupo kabisa. Tena uwanja wa nchi nyingine una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kusema hapana. Unamfaa anayepigana karibu na nyumbani na mwenye viwanja vingi vya kuhamia.

Uchague vipi

Kama swali lako ni vita vya mbali dhidi ya nchi yenye setilaiti, nyambizi na makombora ya masafa marefu, meli kubwa ndiyo pekee yenye nafasi ya kuona mapema. Iweke mbali mwanzoni, uwinde kwanza macho ya adui, na usiisogeze hadi nyambizi zake zijulikane zilipo.

Kama adui hana macho ya mbali ila ana droni na makombora mengi ya bei nafuu, meli ya wastani inatosha. Pesa zilizobaki zitumike kwenye makombora ya kujihami na njia ya kuyapakia upya karibu na uwanja wa vita.

Kama bahari ni nyembamba na pwani zote ziko karibu, fikiria mara mbili kuhusu meli yoyote kati ya hizi. Moskva haikuwa ya kubeba ndege, lakini ilikuwa kinara wa Urusi katika Bahari Nyeusi, na Aprili 2022 ilizamishwa na makombora ya Neptune yaliyorushwa kutoka nchi kavu. Kwenye maji ya namna hiyo uwanja wa ndege na meli ndogo zinazotawanyika vinapata alama zaidi.

Kama bajeti inaruhusu moja tu, jiulize utafanya nini miezi kumi na minane itakapokuwa chelezoni. Ukikosa jibu, nunua mbili za kiwango cha chini.

Kama ni mdahalo na umepewa upande wa kushambulia, usianze na makombora ya kasi ya kupindukia, maana mpinzani amejiandaa kwa hayo. Anza na Kitty Hawk ya 2006 na hesabu ya vyumba vya makombora. Ukipewa upande wa kutetea, mwombe mwenzako aeleze hatua kwa hatua jinsi adui atakavyoifuata kwa saa sita mfululizo meli iliyozima rada na redio.

Na kama unaandika hadithi, usiizamishe meli kwa kombora moja. Mwache adui azamishe meli ya ugavi usiku wa tatu, kisha mwonyeshe nahodha akihesabu lita za mafuta ya ndege zilizobaki na kuamua doria ipi aifute.